Presha 136/88, kesho yake usiku kifafa cha mimba: zahanati ilipitwa wapi?

“Mimi ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Tuko wauguzi wawili. Siku ya kliniki ya wajawazito tunapokea akina mama 30 hadi 40, na mashine ya presha ni moja, ya betri, yenye mkanda mmoja. Vijiti vya kupima mkojo huisha mara kwa mara. Mwezi uliopita alikuja msichana wa miaka 19, mwembamba, mimba ya kwanza, wiki ya 35, akilalamika kichwa. Presha ilikuwa 136/88. Kipimo cha malaria kilionyesha anayo, tukampa dawa ya malaria na parasetamoli, akarudi nyumbani. Hakuwa amevimba miguu hata kidogo. Kesho yake usiku akashikwa na kifafa. Alikimbizwa hospitali akafanyiwa upasuaji, na wote wawili wako hai. Kijitabu chake kilikuwa na 98/60 wiki ya 22, 110/70 wiki ya 28, na 120/80 wiki ya 32. Tulipitwa wapi? Na kwa vifaa hivi, tutawagunduaje wengine mapema?”

Pole sana kwako na kwa mwenzako. Swali lako limebeba lawama na kazi kwa pamoja. La lawama nitalijibu kwa ufupi. Mstari wa kuita presha ya mjamzito kuwa juu ni 140/90, na 136/88 iko chini yake, kwa hiyo kwa namba hiyo peke yake hamkuvunja mwongozo wowote. Tena wako wanawake wachache ambao kifafa chenyewe ndicho huwa dalili ya kwanza. Lakini huyu alikuja na habari tatu: kichwa kinachouma baada ya wiki ya 20, namba zilizokuwa zikipanda kila ziara, na mkono mwembamba ndani ya mkanda ambao huenda ulimpwaya. Kila moja ilionekana peke yake, hakuna aliyeziweka pamoja. Na mkojo, kama nimeelewa vizuri, haukupimwa. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Nianze na malaria, kwa sababu kanda yetu ya ziwa inaponzwa nayo zaidi ya sehemu nyingine za nchi. Huku mtu mzima anaweza kubeba vimelea vichache bila kuumwa. Tena kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinatafuta mabaki ya protini ya kimelea. Kwa hiyo kipimo chanya kinakuambia atibiwe malaria, na mlifanya sawa kumtibu. Hakikuambii kwamba malaria ndiyo inayomuuma kichwa. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 na kichwa kinamuuma ana maswali mawili, na jibu la moja halifuti la pili. Hata akipatikana na malaria, presha ipimwe mara mbili na mkojo upimwe kabla hajapewa parasetamoli. Na akija tayari ana kifafa, mhesabu kuwa ni kifafa cha mimba na mwanze dawa yake, hata kama malaria nayo inatibiwa pembeni.

La pili ni miguu. Wengi wetu tulifundishwa kutafuta uvimbe, na akina mama wenyewe huja wakisema, “Sijavimba, sina presha.” Miguu huwavimba wajawazito wengi wazima kabisa, na wapo wanaopata kifafa wakiwa na vifundo vyembamba kama vya huyo binti. Uvimbe wa ghafla wa uso na vidole, pete isipotoka au macho yakiamka yamefura, unastahili kipimo siku hiyo hiyo. Lakini kutovimba hakumwondolei mtu chochote. Chumvi nayo husingiziwa: kuikata hakuzuii presha ya mimba. Mawazo na ugomvi wa nyumbani havileti ugonjwa huu. Odowa, ule udongo unaoliwa na wajawazito, husababisha shida zake, hasa upungufu wa damu, lakini hili si lake.

Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Mimba inapojishikiza, kondo hujichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuipanua mishipa midogo ya damu ya mama iliyo pale, mpaka inakuwa mipana na milegevu. Kwa baadhi ya wanawake upanuzi huo haukamiliki. Ni kama mfereji wa shamba la mpunga kule Ahero uliochimbwa mwembamba: maji yanatosha mpunga ukiwa mche, hayatoshi unapoanza kuzaa. Mtoto anapokua, kondo linakosa damu, nalo linamwaga kwenye mwili wa mama kemikali zinazoumiza utando wa ndani wa mishipa yake yote. Mishipa inajibana, presha inapanda. Mishipa inavuja, na figo zinaachia protini iingie kwenye mkojo. Ini likifura, mama anaumwa chini ya mbavu za kulia na wengi huita vidonda vya tumbo. Ubongo ukiathirika, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli au ukungu, na mwisho kifafa. Hali hiyo ya kabla ya kifafa ndiyo priklampsia. Dawa zinapunguza hatari, ila kinachoumaliza ugonjwa ni kuzaa na kondo kutoka. Ndiyo sababu kugundua mapema kunahesabiwa kwa siku na saa.

Kuna jambo moja kuhusu mwili wa mjamzito linalohusu kijitabu cha binti yenu. Presha ya kawaida hushuka katikati ya mimba, kisha hurudi juu polepole kuelekea mwisho. 98/60 ya wiki ya 22 ilikuwa bondeni. Kufika 136/88 wiki ya 35 ni kupanda kwa 38 juu na 28 chini. Zamani kupanda kwa 30 juu au 15 chini kulitosha kuitwa ugonjwa. Siku hizi hakutoshi, kwa kuwa wengi wanaopanda hivyo hawadhuriki. Lakini aliyepanda hivyo na yuko karibu na mstari hapewi tarehe ya mwezi ujao. Anarudiwa ndani ya siku 2 au 3, na kama ana dalili yoyote haondoki. Pia ndiyo sababu ziara ya kwanza kabla ya wiki ya 12 ina thamani yake. Mwanamke mwenye presha ya tangu zamani akija mara ya kwanza wiki ya 22, lile bonde linaweza kumficha mkamwandika mzima.

Sasa mkanda, na hapa nitakaa kidogo. Mkanda wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, upimwe katikati ya bega na kiwiko. Mkono mnene kuliko huo ukibanwa na mkanda mdogo husoma juu kuliko ukweli. Mkono mwembamba ndani ya mkanda mpana husoma chini. Binti mwembamba wa miaka 19 anaweza kabisa kuwa na mkono wa sentimita 20 au 21, na 136/88 yake ikawa imekatwa kutoka 140 na kitu. Nunueni futi ya fundi cherehani sokoni, muifunge kwa kamba kwenye meza ya kupimia, na kila mama apimwe mkono ziara ya kwanza, namba iandikwe kwenye jalada la kijitabu. Kisha muombe mkanda mdogo na mkubwa kwa msimamizi wa kaunti ndogo. Mpaka ifike, namba ya mwenye mkono chini ya 22 isomwe kwa shaka: ikikaribia 140/90, mchukulie kama amefika.

Mkao nao hupotosha. Mama akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, miguu isipandane, mkono uegemee meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Awe amekojoa, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kuongeza 10 na zaidi, na kuongea wakati wa kupima vilevile. Apumzike dakika 5, hasa aliyetembea juani au kushuka bodaboda sasa hivi. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Akilala kwa ubavu wa kushoto mkapima mkono wa kulia, ule ulio juu, namba inashuka, na hili hutokea sana wodini kwa nia njema. Namba ya juu isielezewe kwa kusema “ametembea”. Apumzike, irudiwe baada ya dakika 15, ndipo mwamue.

Mashine ya betri ina ugonjwa wake. Nyingi hazijathibitishwa kwa wajawazito, na kwenye priklampsia hasa zina tabia ya kusoma chini, kwa sababu mishipa yenyewe imebadilika na mashine inakisia kutokana na mtikisiko wa mshipa. Mkipata nafasi ya kuagiza, ulizeni iliyothibitishwa kwa mimba na kwa priklampsia. Kwa sasa, mwenye dalili au mwenye namba kuanzia 130/85 apimwe tena kwa mashine ya mshale na stethoskopu. Mshale uanze kwenye sifuri, hewa itolewe polepole, alama 2 kwa sekunde, na namba ya chini ichukuliwe pale sauti inapopotea kabisa. Mashine ya mshale ipelekwe kulinganishwa na nyingine angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ikianguka.

Tena fanyeni zoezi moja jioni ya kliniki. Fungueni rejista, mhesabu presha za akina mama 50 zilizopimwa kwa mashine ya betri. Mashine haina sababu ya kupenda sifuri, kwa hiyo namba ya juu inayoishia na 0 ingepaswa kutokea kwa akina mama kama 5 hivi. Mkikuta 30, kuna namba zinazokadiriwa au kunakiliwa. Sisemi ni ninyi, lakini 110/70 halafu 120/80 kwenye kijitabu cha binti zinanitia shaka hiyo. Mtu aliyechoka, mbele ya foleni ya 40, mkono wake huandika 120/80 wenyewe. Iandikwe iliyosomwa: 123/79 iandikwe 123/79.

Mkojo ni kazi fupi lakini ina mitego. Uwe wa katikati ya kukojoa, baada ya kujipangusa, maana uchafu wa ukeni na damu vinaweza kuonyesha protini isiyotoka kwenye figo. Kijiti kichovywe, kikung'utwe pembeni ya kikopo, kisomwe kwa sekunde zilizoandikwa kwenye chupa, kwa kawaida 60. Kikiachwa dakika 5 rangi inaendelea kubadilika na kudanganya. Chupa ikiachwa wazi, hasa kwenye unyevu wa huku kwetu, vijiti huharibika kabla ya tarehe. Vikipungua, visiishe kwa kugawiwa kila mtu kila ziara. Wawekeeni akiba wenye presha ya 130/85 na kuendelea, wenye dalili, na wenye historia. Vikiisha kabisa, kipimo cha zamani bado kinafanya kazi: mkojo kwenye bomba la kioo, chemsheni sehemu ya juu, na ukitanda mawingu yasiyopotea baada ya matone machache ya asidi asetiki hafifu, kuna protini. Ila protini isiwafunge macho. Presha ya 140/90 pamoja na kichwa kikali au macho yenye ukungu ni hatari hata kama kijiti ni safi.

Kuhusu foleni, wauguzi wawili hawawezi kumchunguza kila mmoja kwa kina, na hakuna anayewadai hivyo. Kinachowezekana ni kubadili mpangilio. Kabla ya mazungumzo ya asubuhi, mmoja wenu asimame mbele aulize kwa Kiswahili na kwa Kijaluo: nani kichwa kinamuuma leo, nani anaona vimulimuli, nani anaumwa chini ya mbavu au anapumua kwa shida, nani mtoto amepunguza kucheza. Wanaoinua mkono wakae benchi la mbele, wapimwe kwanza wakiwa wamepumzika. Wale wengine muwaulize tena mmoja mmoja mezani, maana kuna msichana ambaye hatainua mkono mbele ya mama mkwe. Swali liwe la wazi, “Kichwa kimekuwaje wiki hii?”, kwa sababu ukiuliza “Huna shida, sivyo?” atakubaliana nawe.

Nje ya zahanati mnao wasaidizi. Wahudumu wa afya ya jamii walianza kugawiwa mikoba yenye mashine ya presha mwaka 2023. Wapeni majina ya akina mama wachache wa kufuatilia, sio wote: wenye namba karibu na mstari, waliopita wiki ya 34 kwa mimba ya kwanza, na waliojifungua wiki hii. Mfundisheni mhudumu namba mbili tu za kukumbuka: 140 au 90, mama aje leo, 160 au 110, apige simu sasa hivi.

Namba ikishapatikana, kinachofuata ni hiki. Ikiwa 140/90 hadi 159/109 bila dalili na mkojo safi, mkae naye mrudie baada ya muda wa saa 4. Ikibaki hapo, aonwe hospitali ya kaunti ndogo siku hiyo au kesho yake, apimwe damu ya figo, ini na chembe za kugandisha damu, na aanzishiwe dawa kama methildopa. Protini au dalili yoyote ikiwepo, anaondoka siku hiyo hiyo. Ikiwa 160/110 au zaidi, rudieni ndani ya dakika 15 mkiwa mnatayarisha safari. Nifedipini miligramu 10 imezwe kwa maji, isitobolewe wala kuwekwa chini ya ulimi, irudiwe baada ya dakika 30 ikiwa bado iko juu, isizidi miligramu 30 kwa jumla. Lengo ni kuishusha kiasi, chini kidogo ya 160/110, kwa sababu ikiporomoka ghafla mtoto anakosa damu. Dawa za enalaprili na losartani hazimfai mjamzito hata kama ndizo zilizoko kabatini.

Mwenye kifafa, au mwenye presha kali pamoja na dalili, apewe magnesiamu salfeti kabla ya kuondoka. Utafiti wa Magpie wa 2002, uliohusisha wanawake kama 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa (mililita 8 za dawa ya asilimia 50 pamoja na mililita 12 za maji ya sindano, polepole, si chini ya dakika 5), kisha gramu 5 kila tako pamoja na mililita 1 ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2. Mshipa ukikataa, zile gramu 10 za matakoni pekee zinatosha kumfikisha. Wekeni kalsiamu glukoneti gramu 1 mkononi, na mhesabu pumzi njiani: zikishuka chini ya 16 kwa dakika au goti lisiporuka likigongwa, asiongezewe dozi, na pumzi zikisimama ndipo hiyo kalsiamu inatumika. Alale kwa ubavu, asafiri na mmoja wenu, asipakiwe bodaboda. Simu ipigwe kabla, na saa ya kila dozi iandikwe kwenye karatasi ya rufaa. Mimba ikiwa chini ya wiki ya 34, ulizeni kabisa kama hospitali ya karibu inaweza kumtunza mtoto njiti. Kama haiwezi, ni afadhali aelekezwe moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu kuliko kuhamishwa mara mbili.

Kinga ipo, lakini ina saa yake. Aspirini ndogo ya miligramu 75 kila jioni, ianzwe kuanzia wiki ya 12 na kabla ya wiki ya 20, humsaidia mwenye hatari kubwa: aliyewahi kupata priklampsia, mwenye presha ya zamani, kisukari, ugonjwa wa figo au mapacha. Binti wenu hakuwa na hata moja ya hizo, na alikuja wiki ya 22, kwa hiyo hapo hamkumnyima kitu. Kalsiamu, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku ikigawanywa mara tatu, inafaa kwa wanawake ambao chakula chao hakina ya kutosha, na isimezwe pamoja na vidonge vya damu kwani vinazuiana. Omena inayoliwa nzima na mifupa yake huongeza kalsiamu, na ninawahimiza mama waile, ila haichukui nafasi ya aspirini kwa mwenye historia.

Kwa mama mjamzito anayesoma haya kutoka popote: kichwa kisichotulia kwa parasetamoli, macho yenye ukungu, maumivu ya juu ya tumbo, au uso kufura ghafla, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo, hata usiku, na useme wazi, “Naomba nipimwe presha na mkojo.”

Na msimwache binti yenu. Presha hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kuzaa, wakati wengi wako nyumbani, na kifafa kinaweza kuja hata hapo, kwa hiyo kila aliyejifungua apimwe kabla ya kutoka, siku ya 3, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6. Kwa wenye presha, sindano ya kuzuia damu baada ya kuzaa iwe oksitosini, si ergometrini. Huyu wenu yuko karibu na wiki ya 6 sasa. Muiteni, apimwe presha na mkojo kwa mkanda unaomtosha, azungumze kuhusu uzazi wa mpango, na kwenye jalada la kijitabu muandike kwa kalamu nyekundu: “Alipata kifafa cha mimba wiki ya 35. Mimba ijayo aje kabla ya wiki ya 12, aspirini.” Akihamia Nakuru au Mombasa, muuguzi wa huko atakaposhika kijitabu hicho atajua aanzie wapi.